Ndege Hangoji Kamera: Somo la Kupiga Picha Msituni

Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu. Shule yetu ni ya kutwa, kwa hiyo kila asubuhi natembea kwa miguu kutoka nyumbani kwetu, ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, na jioni narudi kwa njia ile ile. Humo njiani nawasikia ndege wengi kuliko ninaowaona.

Mwaka jana katibu wa chama chetu cha Kiswahili aliniomba niandike somo juu ya kuwapiga picha ndege wadogo wa msituni. Nilikataa kata kata. Mwaka huu nimekubali. Sababu ya kukataa na sababu ya kukubali ni moja, nanyi mtaiona huko mbele. Kwanza tujifunze kazi yenyewe.

Kamera ninayotumia si yangu. Ni ya mjomba wangu, ambaye hupiga picha za harusi na za wageni ufukoni Watamu. Aliinunua ikiwa imeshatumika, nayo ndiyo jembe lake. Siku aliyonipa mara ya kwanza aliniambia, "Mpwa wangu, kamba iwe shingoni wakati wote, na saa nne niwe nayo mkononi, maana saa tano nina harusi. Ikianguka hii, wanangu watakula nini?" Basi tangu siku hiyo nimejifunza kupiga picha huku jicho moja likiwa kwa ndege na jingine kwa saa.

1. Kwa nini ndege wadogo ni wagumu

Sababu ni tatu: udogo, wepesi na giza.

Tuanze na udogo. Chozi, yule ndege mwenye mdomo uliopinda anayefyonza maua, ana urefu wa sentimita 10 hivi. Lenzi ya mjomba ni ya milimita 300. Nilipiga hesabu kwa kutumia fizikia ya darasani: ukisimama mita 10 kutoka kwa ndege, kamera hiyo inaona upana wa sentimita 73 hivi. Basi chozi anachukua karibu sehemu moja tu kati ya saba za upana wa picha. Ukisogea mpaka mita 5, anachukua zaidi ya robo. Na kwa simu ya kawaida isiyo na lenzi ya kuvuta mbali je? Kwa mita 10, ndege huyo hafikii hata sehemu moja kwa mia ya upana wa picha. Utapiga mti mzima, kisha uwaonyeshe watu kwa kidole, "Yule pale, mwaona?" Nao watasema wanaona, kwa heshima tu.

Sababu ya pili ni wepesi. Ndani ya kamera mna kilango kiitwacho shata, kinachofunguka na kufungika ili mwanga uingie. Tuseme ndege anaruka tawini kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde, ambao si mkubwa. Kilango kikikaa wazi kwa 1/100 ya sekunde, ndege atakuwa amesogea sentimita 1, yaani sehemu ya kumi ya mwili wake. Picha itatoka kama mtu aliyefuta ubao kwa mkono. Kwa 1/1000 ya sekunde atasogea milimita 1 tu, na hapo manyoya yataanza kuonekana moja moja.

Ya tatu ni giza. Kila ukipunguza muda wa shata kwa nusu, mwanga unaoingia nao unapungua kwa nusu. Kutoka 1/125 hadi 1/1000 umegawanya mara tatu, kwa hiyo unabaki na thuluthi? La! Unabaki na sehemu moja ya nane. Kosa hili nililifanya mimi mwenyewe mpaka mwalimu wa hisabati akanicheka. Na msituni, chini ya majani, mwanga ni haba hata jua likiwa la utosi.

2. Kuitayarisha kamera

Kwa sababu hizo tatu, haya ndiyo ninayoyafanya kabla sijaingia msituni.

(a) Tundu la lenzi nalifungua mpaka mwisho, ili mwanga wote uliopo uingie.

(b) Shata naiweka 1/500 kwa ndege aliyetua, na 1/1000 kwa ndege asiyetulia. Kwa lenzi ya milimita 300 sishuki chini ya 1/300 nikiishika kwa mikono, kwani hata mapigo ya moyo wangu yanaitikisa.

(c) Kile kipimo kinachoandikwa ISO, yaani wepesi wa kamera kuuhisi mwanga, nakipandisha. Nikiwa uwanjani hutumia 400. Msituni hupanda hadi 3200, ambayo ni mara nane, na hivyo ile nane niliyoipoteza kwenye shata nairudisha. Kweli picha inaingia chengachenga kidogo. Lakini picha yenye chengachenga na ndege anayeonekana ni bora kuliko picha laini ya ukungu.

(d) Shabaha ya kamera naiweka kwenye nukta moja ya katikati, si nukta zote. Ukiziacha zote, kamera itashika jani lililo mbele, na ndege nyuma atakuwa kivuli. Nukta hiyo naielekeza jichoni. Mjomba husema kwamba jicho likiwa safi watu watasamehe mkia, lakini jicho likiwa na ukungu hakuna atakayetazama mkia.

(e) Naruhusu picha za mfululizo, tatu au nne kwa mbonyezo mmoja. Si ishirini, jamani. Mlio wa shata ukizidi, ndege ameshaaga.

3. Kumjua ndege kabla ya kamera

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilidhani ndege anafukuzwa kwa lenzi. Nilikuwa nikisikia mlio, mbio! Nikifika, kimya. Nasikia mwingine kule, mbio tena! Saa nne ikifika namrudishia mjomba kamera yenye picha za matawi matupu.

Aliyenirekebisha ni mzee mmoja anayewaongoza wageni msituni. Chama chetu cha wanyamapori kilikwenda kwa ruhusa, tukapita langoni, naye akatutangulia. Nilipoanza kukimbia alinishika bega. "Mwanangu," akasema, "wewe unamfuata ndege. Fuata chakula chake, yeye atakukuta hapo."

Naam, msitu wetu una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, kati ya Kilifi na Malindi, na haufanani kila mahali. Upande mmoja ni msitu mchanganyiko wenye miti ya kila namna. Kwenye mchanga mweupe kuna mirihi, miti mirefu iliyoachana kidogo, mwanga ukipenya katikati. Kwenye udongo mwekundu upande wa magharibi kuna vichaka vilivyosongamana. Kila ndege na mtaa wake. Chozi wa Amani, ambaye huonekana pia katika misitu ya Tanzania na jina lake linatokana na Amani kule Usambara, hukaa juu kwenye mirihi. Ukimtafuta chini utachoka bure. Bundi mdogo wa Sokoke, mwenye urefu wa sentimita 16 hivi, aliyegunduliwa na wanasayansi humu msituni mwaka 1965, hulala mchana kwenye vichaka vya udongo mwekundu.

Tena wako ndege wadogo wala wadudu wanaotembea kwa makundi ya mchanganyiko. Utakaa dakika thelathini usione kitu, mara miti yote inajaa ndege, kisha kimya tena. Mramba, yule mweusi mwenye mkia uliogawanyika, mara nyingi huwa pamoja nao. Nikimsikia mramba sasa sikimbii. Natazama kundi linaelekea wapi, natangulia polepole, nasimama penye mwanga, nangoja. Kundi linanipitia juu ya kichwa.

Na wako wenye siri. Mnana wa Kilifi huonekana katika kaunti yetu peke yake duniani kote. Wanasayansi walimwandika vitabuni mwaka 1913. Lakini kiota chake kilikuja kupatikana mwaka 2013, kwenye eneo la majimaji kule Dakatcha. Miaka 100, msomaji! Ndege wetu wenyewe, na kwa miaka 100 vitabu havikujua anataga wapi.

4. Mazoezi ya nyumbani

Usiyapeleke mazoezi msituni. Anza nyuma ya nyumba. Mimi nilianza na ua la mgomba. Chozi hulijia ua hilo kila baada ya muda, kwa hiyo huna haja ya kumtafuta. Nilikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mita 5 kutoka mgombani, jua likiwa mgongoni kwangu. Siku ya kwanza chozi aliniona akaghairi. Siku ya tatu alinizoea. Niliona kwamba kabla ya kuruka huinama kidogo na kubana manyoya, kama mwanariadha anayengoja kipenga. Ukiijua ishara hiyo, unabonyeza kabla hajaruka, wala si baada ya kuruka.

Saa nzuri ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi, mwanga ukiwa laini na ndege wakiwa na njaa. Mchana kuna vivuli vikali, na ndege wengi wamejificha.

5. Picha isiyomo humu

Sasa nifike kwenye deni langu.

Likizo ya Aprili mwaka jana, mvua zikiwa zimeanza, nilikuta kiota kwenye mpera nyuma ya jiko letu. Ni cha ndege mdogo mwenye kishungi kichwani, mgongo wa rangi ya kutu, na dume ana mkia mrefu kama utepe wa zawadi. Jina lake la kisayansi ni Terpsiphone viridis. Kiota kilikuwa kidogo kama kikombe cha kahawa, kimefungwa kwa utando wa buibui kwenye panda ya kitawi chembamba. Makinda wawili walikuwamo, macho hayajafunguka vizuri. Baba na mama wote waliwalea kwa zamu.

Nilikuwa na kila kitu: ndege anayekuja mahali pamoja, mwanga wa asubuhi, mita 5, kinu cha kukalia. Kitu kimoja tu kiliniudhi. Vijani vya mpera vilikuwa mbele ya kiota, na kila picha ilitoka na kivuli cha kijani usoni mwa ndege. Nilikwenda jikoni nikachukua kisu. Nilikata vitawi viwili. Viwili tu, wasomaji.

Picha iliyofuata sijawahi kupiga nyingine kama hiyo. Dume ameshika panzi, mkia umejikunja kama mwandiko, midomo miwili ya makinda imefunguka, na jichoni mna nukta ya mwanga. Mjomba aliitazama muda mrefu akasema, "Hii hata mimi sijapata." Nilivimba kichwa! Shule zilipofunguliwa niliwaonyesha wenzangu, na mwalimu wetu mlezi akasema itachapishwa kubwa itundikwe siku ya wazazi.

Lakini sikuwaambia kilichotokea baada ya picha. Saa sita mchana ile ile, jua lilipiga moja kwa moja kiotani. Mama yao alisimama ukingoni mwa kiota akitanua mabawa yote mawili juu ya makinda, mdomo wazi, anahema. Mimi niliona uzuri tu. Mjomba hakuwa na kazi siku hiyo, kamera nilikuwa nayo, nikampiga nyingine sita. Nilidhani anajipamba. Kumbe alikuwa akiwafunika wanawe na jua nililoliingiza mimi.

Kesho yake asubuhi kiota kilikuwa kitupu. Juu ya bati la jiko alikuwapo kunguru. Sikumwona kwa macho yangu akila, na siwezi kuapa. Lakini mji wetu wote wawajua kunguru hawa na tabia yao ya kuvizia viota. Dume na jike walirukaruka mperani hadi adhuhuri, wakienda kwenye kiota na kurudi, na panzi mdomoni. Kisha wakaondoka.

Nyanya yangu alikiangalia kile kiota, akaviona vitawi vilivyokatwa chini. Hakunigombeza. Alisema tu, "Lile jani lilikuwa paa la mwenzio. Uliiezua nyumba yake."

Majuto ni mjukuu. Katibu aliponiomba somo mwaka jana, alitaka picha hiyo iwe kwenye jalada. Sikuweza kumwambia ndiyo, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia sababu. Mwalimu wetu mlezi naye nilimdanganya kuwa picha imepotea. Haikupotea, Mwalimu. Ninayo mpaka leo, na kwa kalamu hii nakuomba radhi. Siitoi kwa sababu kila anayeiona husema, "Lo, uzuri ulioje!" na mimi peke yangu ndiye nijuaye bei yake, ambayo wala sikuilipa mimi.

6. Sheria zangu sasa

(a) Sikati jani wala sisogezi tawi. Jani likiwa mbele, mimi ndiye wa kusogea. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini hapaswi kung'oa kitanda.

(b) Kiota chenye mayai au makinda sikipigi picha kabisa. Nikikiona napita, na simwambii mtu kilipo.

(c) Sipigi milio ya ndege kwa simu ili waje. Ndege akisikia mlio wa mwenzake hudhani mtaani kwake ameingia mvamizi, anaacha kula na kulisha ili aje kupigana na simu yangu.

(d) Simulikii ndege wa usiku taa ya kamera.

(e) Nikiona ndege amesimama wima, amebana manyoya, analia mlio wa onyo tena na tena, najua nimekaribia mno. Narudi nyuma.

Je, kwa sheria hizi picha zinapatikana? Zinapatikana, ila kwa subira. Februari mwaka huu, wakati wa kiangazi, tulirudi msituni na yule mzee. Alituketisha karibu na kidimbwi kidogo, maji yenyewe hayakujaza hata karai la kufulia. Nilikaa muda wa saa mbili. Mbu walininywa. Wakaja shore kuoga, wakaenda. Kisha chini, kwenye majani makavu, akatokea ndege ambaye nilikuwa nimesikia habari zake tu: kifua cha rangi ya chungwa, bawa la kijivu, sentimita 12 hivi. Ni yule aitwaye na wataalamu Sheppardia gunningi, mwenyeji wa misitu ya karibu na pwani. Moyo ulinidunda mpaka nikaogopa kamera inatikisika. Nilipiga mara tatu, mfululizo wa nne nne. Picha kumi na mbili. Moja tu ndiyo iliyofaa, na ndani yake jani limemficha nusu ya mwili.

Nilitaka kuinama mbele kidogo. Mzee akanong'ona, "Sasa mwache anywe." Nikaweka kamera magotini. Alikunywa, akaoga, akajikung'uta, akaondoka kwa wakati wake. Hiyo ndiyo picha mtakayoiona ubaoni kwetu mwaka huu, na hilo jani tafadhalini msilitolee makosa.

7. Mazoezi kwa msomaji

(i) Ndege mwenye urefu wa sentimita 15 yuko mita 10 kutoka kwako. Kwa lenzi ile ile ya milimita 300, atachukua sehemu gani ya upana wa picha?

(ii) Umetoka 1/250 hadi 1/1000 kwa sababu ndege hatulii. Ikiwa ISO yako ilikuwa 800, sasa iwe ngapi?

(iii) Kaa chini ya mti wowote dakika ishirini, bila kamera wala simu. Andika kila ndege uliyemwona alikuwa akifanya nini. Ukishindwa kukaa dakika ishirini, kamera haitakusaidia.

(iv) Mwulize nyanya au babu jina la ndege mmoja mdogo, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, ulilete chamani. Ndege wengi wa msitu wetu nimewataja hapa kwa rangi zao kwa kukosa majina. Wazee wetu wanayo, nasi hatuulizi.

Majibu ya (i) na (ii) mtayapata kwangu, Kidato cha Tatu, dawati la karibu na dirisha. Msije mbio tu, mtawatisha ndege.

Kalamu naiweka chini. Kwaherini.